Mtambo wa upepo niliomjengea dada yangu kule Nyamitaba, na kwa nini niliukata kwa mkono wangu

Wakuu, salamu kutoka Sake.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani, na ni miaka mingi sasa. Nasoma nyuzi zenu nikisubiri umeme urudi, nacheka peke yangu, naondoka bila kuacha hata neno. Leo nimeona na mimi nitoe changu.

Ninachoandika kilitokea. Pale nilipofanya ujinga sitapaficha, maana bila ule ujinga uzi huu usingekuwepo. Atakayesema ni chai aje, nitampeleka mwenyewe na pikipiki, ila mafuta ya kurudi ajitegemee.

Kiswahili cha kuandika nimekiokota humu humu kwenu. Cha mdomoni huku kwetu ni kingine, mtakisikia watu wakianza kuongea.

Tuanze.

Mimi ni soudeur, yaani fundi wa kuchomelea vyuma. Milango, madirisha, viti vya pikipiki, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikikatika mhimili. Kazi zangu huwa haziachii. Hilo nalisema bila aibu, wateja wenyewe wanalisema.

Dada yangu mkubwa, tunamwita Mama Neema, aliolewa kwenye kilima kimoja karibu na Nyamitaba. Vita ilipowafukuza walikwenda kambini Kashuga, na mume wake akafia huko kwa ugonjwa. Dada akarudi kilimani na watoto watatu.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kinaposimama.

Siku ya kumaliza matanga, familia ya marehemu ilikaa. Mkubwa wao ni kaka wa marehemu, Papa Josué. Chef, yaani chifu wa kilima, naye alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Wakamwambia dada: kuna ule mteremko ambao marehemu alikuwa akisema atapanda kahawa. Ukiupanda kahawa kabla ya mvua za mwezi wa tisa kwisha, utakuwa wako na watoto wako. Usipoupanda, unarudi kwenye familia, wewe utaendelea kulima maharage pale tutakapokuonyesha.

Kwa wasiojua mambo ya huku: maharage hayampi mtu shamba. Unapanda, unavuna, kesho mwenye ardhi anakuambia ahsante, tuachie. Mti wa kukaa ndio unaosema shamba ni la nani. Ukiwa na kahawa yako ardhini, hata mtoto mdogo anajua huyu hatoki.

Mimi niliwaona wema siku ile. Baadaye nikaelewa kwamba walikubali haraka kwa sababu mteremko ule ulikuwa mkavu, na hawakuamini kwamba mwanamke mmoja angeuweza.

Dada hakubishana. Akatafuta mbegu, akafanya pepinière, yaani kitalu, juu kabisa ya mteremko karibu na nyumba. Miche elfu mbili, kila mmoja ndani ya mfuko wake mweusi, na juu yake kivuli cha majani ya ndizi. Mwezi wa nne nilipokwenda kumsalimia niliikuta imesimama vizuri, majani mawili mawili, inang'aa.

Shida ilikuwa maji.

Mvua ikiwepo hakuna tatizo. Lakini kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane huku kwetu kunakauka, na kijito kiko chini, kitalu kiko juu. Miche elfu mbili inakunywa bidoni, yaani madumu, kumi na tano na zaidi kwa siku. Dada angezibeba kama wanawake wa huku wanavyobeba, kamba kwenye paji la uso, bidoni mgongoni, kupanda mteremko ambao mimi bila mzigo nikipanda napumzika mara mbili. Na nyonga yake moja haiko sawa tangu siku za kukimbia.

Nikamwambia: dada, usijali, mimi nitakuletea upepo uvute maji.

Akaniangalia tu.

Wazo sikulitoa hewani. Kuna mteja wangu aliwahi kunionyesha kwenye simu video ya wakulima wa mahali fulani penye tambarare: mapanga yanazunguka juu ya mnara, fimbo ya chuma inapanda na kushuka, pistoni inasukuma maji bombani. Hakuna betri wala mafuta. Nilipoiona nikasema hii naiweza, hii ni kazi ya soudeur kabisa.

Nikarudi Sake nikaanza. Mapanga nane nikayakata kwenye bati la pipa la mafuta. Kitovu nilitumia cha gurudumu la gari lililokufa, na beringi zake nzima. Mnara nikautengeneza kwa vyuma vya pembe, mita sita, nikauchomelea kila mahali. Mkia wa bati nyuma, ili mtambo ugeuke wenyewe upepo ukigeuka.

Kuusafirisha peke yake ni uzi mwingine. Njiani kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, walitusimamisha. Kijana mmoja akazunguka vyuma mara mbili.

"Hii iko antene ya nini?"

"Haiko antene. Iko ya kuvuta mayi."

"Inavuta mayi na moteri?"

"Na mupepo."

Akawaita wenzake waje wanione. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha yule wa kwanza akasema, "Pita, Papa Mupepo, pita." Jina hilo lilifika kilimani kabla yangu, sijui kwa njia gani.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Nilihitaji mahali penye maji na penye upepo. Chini ya kitalu, moja kwa moja, kijito kinafanya kidimbwi kirefu kizuri, na pembeni kuna mikaratusi ya marehemu. Nilikaa pale siku tatu za mwezi wa nne nikiwa na mfuko wa plastiki nimeufunga kwenye mti mrefu. Upepo ulikuja, wakuu. Ulikuja mpaka mikaratusi ikainama na mfuko wangu ukapasuka. Nikasema hapa hapa.

Wenye akili mmeshaona. Ule ulikuwa upepo wa mvua. Unakuja na wingu, unapiga robo saa, unaondoka na wingu lake. Mimi nilikuwa nachagua mahali pa mtambo wa kiangazi kwa kutumia upepo wa masika.

Nikachimba, nikamwaga sementi, nikasimamisha. Watu wa kilima walikuja kuangalia. Wingu la jioni likaja, mapanga yakazunguka, maji yakapanda mpaka kwenye pipa nililoweka juu kitaluni. Watu wakapiga makofi. Nilirudi Sake kichwa kimevimba, siwezi kuwadanganya.

Mwezi wa sita ukaingia. Mvua ikakatika.

Dada akanipigia simu. Mashine imelala, akasema. Nikamwambia asubiri, upepo una siku zake. Wiki moja ikapita. Akapiga tena: inazunguka nusu, inarudi. Nikamwambia apake grisi. Wiki ya pili hakupiga, na hilo ndilo lililonipandisha pikipiki.

Nilipofika nilimkuta njiani na bidoni mgongoni. Hakusema kitu. Tukapanda wote mpaka kitaluni.

Upande wa kushoto miche ilikuwa imeshakauka, majani yamejikunja na kuwa kahawia. Alikuwa ameamua kuacha ule upande, maji machache anayoweza kubeba yaokoe mingine. Nilihesabu mmoja mmoja, ikafika mia sita.

Wakuu, nimechomelea vitu vingi vikavunjika, mtu anarudi, narekebisha, tunacheka. Hii ilikuwa tofauti. Ile miche ilikuwa shamba la watoto wa dada yangu, na niliiua kwa kujiamini. Nilitamani ardhi inimeze.

Na bado sikuuliza. Hicho ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Badala ya kumuuliza mtu, nikapanda juu ya mnara nikaanza kubadilisha pembe za mapanga. Siku mbili nzima niko juu naumiza magoti, mtambo umesimama kama picha. Watoto wa kilima wakaupa jina: avion ya kulala, yaani ndege iliyolala.

Siku ya tatu asubuhi dada aliniambia anakwenda kupepeta maharage, chakula kiko jikoni.

Hapa inabidi niwaeleze desturi moja ya kilima kile, la sivyo hamtaelewa kwa nini sikujua.

Kijito kinapotoka juu kinapita kwenye mwanya kati ya vilima viwili. Pale mwanyani kuna mwamba mpana ulio bapa, na ndipo wanawake wa kilima kizima wanapopepetea maharage. Wanatandika shitingi, yaani turubai, wanamwaga kutoka juu, makapi yanaondoka, maharage yanabaki. Wamefanya hivyo tangu bibi zao.

Mwanaume akipita pale siku ya kupepeta, anapewa kopo la maharage. Ni lazima wampe, na ni lazima apokee. Imekuwa hivyo siku zote. Kwa hiyo mwanaume anayejiheshimu hapiti. Atasemwa: fulani naye siku hizi anazungukia mwamba, ameishiwa. Tangu wakiwa vijana, mavuno yakianza wanazunguka njia ya juu, hata kama ni ndefu. Mimi hata nikiwa mgeni tu kule kwa shemeji zangu nilishaizoea adabu hiyo, maana na kwetu iko vile vile.

Ndiyo maana hakuna mwanaume wa kilima kile ambaye amewahi kusimama mwanyani saa sita mchana mwezi wa sita.

Siku ile dada alisahau ungo wake. Nikaona nimpelekee, kopo la maharage na lije, aibu yangu ilikuwa imeshazidi hiyo.

Nilipotokea kwenye kona, kofia yangu iliondoka kichwani.

Siongezi chumvi. Iliondoka, ikavuka mwamba, wanawake wakaipigia kelele. Upepo ulikuwa unapita pale kama maji bombani, mnene, haukatiki, haupandi wala haushuki. Na chini ya mwamba kijito kinapita na maji tele. Nilisimama na ungo mkononi.

Dada akaniuliza, akiwa bado anamwaga maharage (huku kwetu "juu ya nini" ni "kwa nini"):

"Kaka, ile mashini uliiweka kule chini juu ya nini?"

"Juu kuko mayi, na kuko karibu na pepinière."

"Mupepo haipitakake kule saison sèche, wakati wa kiangazi. Inapitaka hapa. Inaanzaka saa ine ya asubui, inakwisha saa kenda."

"Na haukuniambia?"

"Haukuniuliza. Ulikuya na kamfuko yako, ukaifunga ku muti, nikasema huyu iko fundi, anajua."

Wanawake walicheka, lakini siyo kwa ubaya. Nikapewa kopo langu la maharage. Nikalipokea.

Nilitaka kuhamisha mtambo siku hiyo hiyo. Dada akanizuia. Mwamba ule hauna mwenyewe, akasema, uko wa wote, na wote maana yake ni wale waliokuwa pale. Basi ikabidi nikae chini, mwanaume peke yangu, na Mama Bahati akaongea kwa niaba yao. Huyu ni jirani wa dada, mama mwenye sauti kubwa, ndiye anayepanga nani anapepeta siku gani.

"Hapa haiko pa muntu moya," akaniambia. "Ukitaka kuweka mashini, unaiweka ku mwisho, kule makapi inaendaka. Na siku ya kupepeta unaifunga na kamba. Ile siku mupepo iko yetu."

Nilijaribu kumweleza kwamba mtambo ukiwa mwisho hauwezi kuwapunguzia upepo, wao wanaupata kwanza.

"Papa Mupepo," akanikata, "weye njo ulisema kule chini kuko mupepo?"

Nikakubali. Nikafunga na kamba.

Na alikuwa sahihi kwa njia ambayo hata yeye hakuitaja. Siku moja, baada ya kuuhamisha, walisahau kuufunga, makapi yakaingia kwenye grisi ya beringi, ikawa uji mzito. Ilinichukua mchana mzima kusafisha. Kama mtambo ungekuwa unazunguka kila siku ya kupepeta, ndani ya wiki mbili ungekuwa umekufa.

Tulivunja sementi ya miguuni, tukauhamisha mzima kwa mikono. Wanaume wanane, kwa njia ya juu, tukitukana vyuma vyangu vizito. Bomba likapita ubavuni mwa kilima mpaka kwenye pipa la kitaluni.

Wakuu, ulifanya kazi.

Siku ambazo hawapepeti, saa nne asubuhi mapanga yanaanza, saa tisa yanachoka. Pipa linajaa, linamwagika, dada akatengeneza kijifereji kwenda kwenye vitunguu. Wanawake nao niliwawekea koki karibu na mwamba, wakawa hawashuki tena kuchota. Miche elfu moja na mia nne iliyobaki ikarudisha rangi. Mwezi wa nane ilikuwa imefika gotini.

Nilikuwa nakwenda kila baada ya wiki mbili. Kisingizio ni kukagua beringi. Ukweli nilikuwa nakwenda kuangalia tu. Nakaa kwenye nyasi, nasikiliza pistoni inavyopanda na kushuka, tak, tak, tak. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

(Samahani wakuu, nilikatishwa na mteja, kiti cha pikipiki kimepasuka katikati. Tuendelee.)

Mwisho wa mwezi wa nane Papa Josué alikuja. Hakuja kwa dada, alikuja kwangu, nikiwa nimekaa pale pale nyasini. Ni mtu mpole, hapandishi sauti. Ana watoto wa kiume wanne wakubwa na hana pa kuwaweka. Simchukii, na sitaki mumtukane hapo chini kwenye comments.

Akaangalia mtambo kwa muda mrefu.

"Shemeji, umefanya kazi."

"Aksanti, Papa."

"Sisi hatumukatale Mama Neema. Lakini siku ya matanga tuliongea juu ya mulima ya kukauka. Sasa mayi inafika. Inaomba tukae tena."

Nikainuka nyasini.

Akaniambia atakuja na chef Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuanza, wapime upya, waone mama abaki na sehemu gani. Alisema kwa heshima zote. Akaniaga, akaenda.

Mnaona kilichotokea? Mteremko ule haukuwa na thamani kwa mtu yeyote. Dada angebeba bidoni zake kimya kimya, angepanda, hakuna ambaye angegeuza shingo. Mimi nikaja na mnara wa mita sita unaozunguka na kumetameta juani, unaoonekana kutoka barabarani, nikautangazia ulimwengu kwamba hapa pana shamba zuri. Hata mlinzi wa ng'ombe wa shamba moja kubwa la mifugo la upande wa pili alikuwa amekuja kuuliza mashine ni ya nani na ardhi ni ya nani.

Nilimweleza dada. Sikumwona akishtuka. Aliuliza jambo moja tu: mvua itaanza lini? Nikacheka kwa uchungu, nikamwambia mimi kwenye mambo ya hewa usiniulize tena.

Mvua ilianza Jumatatu. Jumatano jioni ardhi ikawa imelowa kiasi cha kupokea mche. Alhamisi asubuhi nikafika kilimani na kukuta mteremko umejaa wanawake.

Mama Bahati aliwaita. Wote wa mwambani, na wengine ambao sikuwajua. Wengine wanachimba mashimo, wengine wanabeba miche kwenye mabeseni, wengine wanachana mifuko na kupanda. Hakuna aliyepiga hotuba. Walianza juu kwenye nyumba, wakateremka mstari kwa mstari, nafasi sawa sawa, kama marehemu alivyowahi kupima kwa hatua zake. Dada alikuwa kwenye mstari wa kwanza, anapanda huku amepiga magoti kwa sababu ya ile nyonga.

Saa kumi jioni miche ikaisha.

Ikaisha kabla mteremko haujaisha. Chini, kuelekea kijito, kilibaki kipande kitupu, kipana kiasi cha mistari ishirini hivi. Ndicho chenye udongo mweusi kuliko kote. Nilisimama pale nikapiga hesabu ambayo jibu lake nilikuwa nalijua. Mia sita.

Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitazama.

Jumamosi Papa Josué akaja na chef. Wakakuta kahawa iko ardhini na wanawake wamekaa pembeni kama watu waliokuja msibani. Papa Josué akaeleza hoja yake, maji, mashine, mambo yamebadilika. Chef alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Siku ya matanga tulisema nini?"

Akamgeukia Papa Josué.

"Tulisema kahawa ao tulisema mayi?"

"Kahawa," Papa Josué akajibu. Ni mtu mkweli, hilo nampa.

"Basi. Ile ilipandwa njo ya Mama Neema na batoto yake. Ile haikupandwa, inarudia familia. Nani anakatala?"

Alipofika kwenye kile kipande cha chini akamuuliza dada, "Hapa mbona hukumaliza?"

Dada alikuwa na nafasi ya kusema. Angeweza kusema kaka yangu aliniua miche kwa ubishi, na kila mtu pale alijua. Akasema tu, "Miche ilikauka, chef." Chef akaweka kijiti mpakani, na Papa Josué akaweka cha pili mkabala wake.

Kwa hiyo dada alipata shamba, isipokuwa ule ukanda wa udongo mweusi karibu na maji. Huo leo wanalima watoto wa Papa Josué, na wanalima vizuri. Kila nikipita nauona.

Watu walipoanza kutawanyika, Papa Josué aligeuka akaangalia juu, mwanyani, mapanga yakizunguka. Akamuuliza chef, kama mtu anayeuliza habari za kawaida: ile mashine iko juu ya ardhi ya nani, kweli?

Chef akasema hilo ni la siku nyingine.

Dada alisikia. Nilimwona alivyosikia.

Nilikuwa najiandaa kurudi Sake akaniita.

"Kaka, jembe ikisha kulima, tunaiachaka mu shamba?"

"Hapana."

"Tunaingizaka mu nyumba. Na hii, ingiza."

Nikabisha, wakuu. Nikamwambia hii siyo jembe, hii ni mashine, ina msingi wa sementi, hii inakaa. Nikamwambia wanawake wana koki yao. Nikamwambia mwakani vitunguu, mwakani kabichi. Niliongea mengi.

Akanisubiri nimalize.

"Mvua iko. Kahawa haionekane toka barabara," akasema. "Mashini yako inaonekana. Batu banauliza juu yake, kisha banauliza juu yangu. Miye niko na batoto batatu. Ingiza."

Ningeufungua kwa spana kama ungekuwa na bolti. Haukuwa na bolti hata moja. Nilikuwa nimechomelea kila kiungo kwa sababu nilitaka udumu kuliko mimi. Basi nilikaa mwambani siku nzima na msumeno wa chuma, nikiukata vipande vinne. Kila kiungo nilichokata nakumbuka siku niliyokichomelea. Iliniuma, sitajifanya. Kuna wakati niliacha msumeno nikaenda kunawa uso kijitoni.

Wanawake wawili walipita na mabidoni matupu, wakaangalia, wakasema pole kazi, wakaendelea kushuka.

Vipande viko ndani ya nyumba ya dada, nyuma ya mahindi. Mapanga ameyafunika shuka. Kahawa imeshika, wiki iliyopita alinitumia picha, kila mche una majani mapya, na mtoto wake wa mwisho amesimama katikati ya mistari akinyoosha mkono kuonyesha inafika wapi.

Nilichojifunza, kwa wale wanaotaka kujaribu vitu vya namna hii:

Upepo wa mahali wanaujua wanaoutumia. Nilikuwa nimewatafuta mafundi kwenye simu, wakati aliyejua saa ya kuanza na saa ya kumaliza alikuwa ananipikia.

La pili ni gumu zaidi kwangu. Niliposikia neno msaada nilifikiria kitu cha kusimama na kuonekana. Dada alihitaji maji ya miezi mitatu na asionekane. Sikumsikiliza kwa sababu nilitaka kujenga.

Kiangazi kijacho dada anataka mtambo urudi mwambani. Mama Bahati ameshakubali, sharti la kamba liko pale pale. Ila dada ametoa vipimo, na hivi ndivyo vilivyonifanya nifungue uzi badala ya kusoma tu. Anataka mnara unaosimamishwa kwa asubuhi moja na kulazwa wiki ikiisha, usio na sementi, usiohitaji mimi niwepo, na kila kipande kibebwe na wanawake wawili bila kupumzika njiani.

Nimejaribu mabomba membamba, yanayumba. Nimejaribu mianzi, inapasuka kwenye kiungo. Mwenye ujuzi aseme, mwenye picha aweke, na mwenye kunicheka kwa ule mfuko wa plastiki acheke tu, ila akimaliza kucheka aniambie anafungaje kiungo cha mwanzi na chuma bila kuchomelea.